Upande upi wa uzio ulio mzima? Pakanga na nyasi za vishungi kusini mwa Idaho

Swali limetoka kwa msomaji anayeishi Twin Falls, jimbo la Idaho, Marekani. Kabla ya kuhamia huko alichunga ng'ombe wa baba yake kwenye nyanda za juu za Kivu Kusini. Sasa anakamua ng'ombe wa maziwa kwenye shamba la mtu. Nimeyafupisha maneno yake:

"Mwalimu, nikitoka mjini kwenda kusini kuna uzio wa seng'enge. Upande mmoja ni vichaka vya kijivu, nyasi zimesimama moja moja kama nywele za mzee, katikati udongo mtupu. Upande wa pili hakuna kichaka hata kimoja, na mwezi wa nne ni zulia la kijani toka barabarani mpaka mlimani. Mimi najiambia huu wa pili ndio mzima, ule wa kwanza umemalizwa na ng'ombe. Mzungu ninayefanya naye kazi anasema ni kinyume, ila hana subira ya kunieleza. Tena, mbona hawachomi vile vichaka majani mapya yatoke, kama tulivyokuwa tukifanya kwetu? Na mke wangu anauliza: mmea ule unanuka kama pakanga, tunaweza kuuchemsha tukanywa?"

Ndugu yangu, mwenzako amesema kweli. Nawe hukukosea kwa ujinga. Una jicho la mchungaji, na jicho hilo limefundishwa na nchi ambayo majani yakiwa kijani, ng'ombe anashiba. Mimi nilipofika nyanda hizo mara ya kwanza, mwanafunzi mwenye daftari jipya na kofia pana, nilifanya kosa hilohilo, tena kwa maandishi. Kazi yetu ilikuwa kutandaza utepe wa mita 50 juu ya ardhi, na kila nusu mita kushusha sindano ndefu ya chuma na kuandika ilichogusa: jani, jiwe, udongo, majani makavu. Upande wa zulia nilipata kijani kingi ajabu, nikaandika pembeni "hali njema". Mwalimu wangu alisoma, akanyamaza, akaniambia nipige magoti ning'oe mmea mmoja wa lile zulia. Uling'oka kwa vidole viwili, mizizi yake kama ndevu za panya. Akanivusha upande wa pili, akanionyesha kishungi kimoja cha nyasi, akasema haya, ng'oa na hiki. Nilivuta mpaka viganja vikaniuma, na kishungi kikabaki palepale.

Basi tuanzie kwenye maji, kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Twin Falls hupata mvua na theluji ya kama milimita 250 kwa mwaka. Piga hesabu kwa madumu: kila mita moja ya mraba inapata lita 250, yaani madumu 12 na nusu ya lita 20, na hayo ni ya mwaka mzima. Sehemu yake inakaushwa na jua na upepo kabla mzizi wowote haujaonja. Kwenu milimani mvua ni mara kadhaa ya hiyo, na inanyesha ardhi ikiwa na joto, kwa hiyo nyasi hunywa leo na kurefuka kesho. Idaho maji na joto havikutani. Milima ya Cascade iliyo magharibi inayakamua mawingu ya Pasifiki kwanza, na kile kinachobaki kinashuka zaidi kati ya Novemba na Mei, kingi chake wakati ardhi imeganda au ina baridi kali. Julai na Agosti, joto likipita nyuzi 30, mawingu yanakuja na radi tu, mvua hamna. Mmea unaotaka kuishi pale lazima uishi kwa akiba iliyomo udongoni. Udongo ndio tangi, na tangi hilo hujazwa mara moja kwa mwaka.

Sasa rudi kwenye ule udongo mtupu uliokuudhi. Kishungi cha nyasi unachokiona, mara nyingi aina ya Pseudoroegneria spicata yenye majani ya kijani kilichochanganyika na buluu, juu kina upana wa sahani ya wali. Chini, mizizi yake imetanda pande zote hadi ikakutana na ya jirani. Ile nafasi kati ya vishungi viwili ina mpangaji tayari, ila anaishi chini ya sakafu. Ungepanda nyasi nyingine pale, ungekuwa umeongeza mdomo kwenye madumu yaleyale 12 na nusu. Umbali kati ya vishungi ni kipimo cha maji: panda juu mlimani kidogo, mahali penye theluji zaidi, utaona vishungi vinasogeleana na Festuca idahoensis inaingia, shuka kwenye mabonde makavu utaona vimeachana, na kati yake kuna kijinyasi kifupi cha Poa secunda kinachochipua mapema, kinachanua na kulala kabla wakubwa hawajaamka vizuri.

Hata juu ya sakafu penyewe si patupu. Siku ukiwa na nafasi, chukua chupa ya maji, vuka kwenye upande wa vichaka, uchuchumae. Udongo kati ya nyasi una ganda jeusi lenye vinundu, kama ukoko wa wali uliobaki chini ya sufuria. Mimina maji kidogo ya kifuniko kimoja. Ndani ya dakika moja au mbili sehemu ya ukoko ule inageuka kijani mbele ya macho yako. Ni kuvumwani, mimea midogo isiyo na mizizi, iliyokuwa imekauka kabisa ikingoja. Pamoja nao kuna nyuzi za bakteria wanaotumia mwanga wa jua, wembamba usioonekana kwa macho, wanaozishona chembe za udongo pamoja. Ukoko huo unazuia upepo usibebe udongo, na baadhi ya viumbe vyake huvuta naitrojeni hewani na kuiweka ardhini. Zaidi ya hayo, mbegu ngeni ikiangukia juu yake hushindwa kupenyeza mzizi kirahisi. Udhaifu wake ni kwato. Ukikanyagwa ukiwa mkavu unavunjika kama biskuti, na kurudi kwake huhesabiwa kwa miaka mingi, sehemu nyingine makumi ya miaka.

Kile kichaka cha kijivu sasa. Mke wako ana pua nzuri: ni ndugu wa pakanga, tena ndugu wa ukoo mmoja hasa, Artemisia. Ukisoma Ufunuo 8, ile nyota iliyoanguka na kuyatia maji uchungu inaitwa Pakanga, na uchungu huohuo utaupata ukitafuna jani la kichaka cha Idaho. Jina lake la kisayansi ni Artemisia tridentata, maana yake yenye meno matatu. Chuma jani uliangalie: ncha yake imegawanyika mara tatu, kama uma mdogo. Ule ukijivu ni manyoya laini yanayorudisha jua na kupunguza upotevu wa maji. Majira ya kuchipua kichaka kinatoa majani makubwa ya kufanyia kazi haraka. Joto likija kinayaangusha, kinabaki na madogo yanayokaa hadi theluji iishe. Ni kama fundi anayeajiri vibarua msimu wa kazi na kubaki na wazee wa karakana kazi ikipungua.

Mizizi yake ina ghorofa mbili. Mmoja mkuu unashuka mita 2 na wakati mwingine zaidi, kufuata maji ya theluji yaliyozama. Mingine imesambaa karibu na juu. Mwaka 1987 watafiti wawili wa Utah, Richards na Caldwell, walionyesha jambo lililowashangaza wengi: usiku, vinyweleo vya majani vikifunga, kichaka hiki kinapandisha maji kutoka chini na kuyaacha yavuje kwenye tabaka la juu lililokauka. Asubuhi kinayanywa tena, lakini jirani naye amekwisha chota kidogo. Ndiyo maana mara nyingi utakuta vishungi vya nyasi vimejibana kwenye kivuli cha pakanga. Kichaka pia kinashika theluji inayopeperushwa na upepo, na inapoyeyuka inazama palepale.

Huenda ukasema kichaka hakina faida kwa kuwa ng'ombe hawakili. Mafuta yenye harufu kali yaliyomo kwenye jani yanawadhuru bakteria wanaosaga chakula kwenye tumbo la kwanza la ng'ombe, kwa hiyo hulionja na kuliacha. Kondoo na mbuzi hulimudu kidogo, hasa majira ya baridi. Ila yuko ndege mmoja, kwale mkubwa wa pakanga, Centrocercus urophasianus, ambaye wakati wa theluji karibu hali kitu kingine, na bado ananenepa. Yuko pia sungura mdogo kuliko wote Amerika Kaskazini, anayechimba shimo lake chini ya vichaka virefu na kula majani yayo hayo. Kwale hutaga chini ya pakanga, nyasi za vishungi zikimfunika ubavuni. Idadi ya kwale hawa imeshuka kwa kama asilimia 80 tangu mwaka 1965, na kila anayeuliza sababu anarudishwa kwenye uzio wako.

Watu nao waliutumia. Katika pango la Fort Rock, jimbo la Oregon, mwaka 1938 yalichimbuliwa makubadhi kadhaa yaliyosukwa kwa magome ya pakanga, chini ya majivu ya volkano. Umri wake ni zaidi ya miaka 9,000. Gome la kichaka kizee linachanika nyuzi ndefu, jaribu mwenyewe.

Na lile zulia? Ni nyasi za Bromus tectorum, zilizotoka Ulaya na Asia, zikaingia Marekani katika karne ya 19 ndani ya magunia ya mbegu za ngano, nyasi kavu za kufungia mizigo na manyoya ya mifugo, zikafuata njia za reli. Kufikia mwaka 1930 zilikuwa zimeshaenea karibu kote ziliko leo. Wenyeji wanaziita kwa jina lenye maana ya nyasi laghai, nami sina ugomvi na jina hilo. Ulaghai wake uko kwenye kalenda. Vishungi vya kienyeji ni vya kudumu, kimoja kinaishi miaka mingi na hakina haraka. Laghai ni ya mwaka mmoja. Inaota Septemba au Oktoba, mvua za kwanza zikigusa, na inakuza mizizi chini ya theluji wakati wengine wamelala. Aprili, unapopita na gari, iko kijani na imekwisha kunywa tangi. Kichipukizi cha nyasi ya kienyeji kinachotoka mwezi huo kinakuta madumu matupu. Katikati ya Juni laghai imegeuka zambarau, kisha njano ya makaratasi, imemwaga mbegu na kufa. Vishungi vya kienyeji wakati huo bado vina ubichi kwa wiki kadhaa zaidi.

Kwa hiyo mchungaji mwenzangu, pita pale tena mwishoni mwa Juni. Lile zulia litakuwa mkeka wa viberiti. Ng'ombe huzila laghai zikiwa laini, na zinawapa nguvu kweli, lakini kwa wiki chache tu. Zikikauka zinakuwa na miiba ya mbegu inayochoma fizi na macho ya mnyama.

Hapo tunafika kwenye moto. Nchi ya pakanga na vishungi iliwaka zamani pia, kwa radi na kwa mikono ya watu, hasa kwenye miinuko yenye unyevu. Lakini nyasi zilizoachana zinawaka kwa shida: moto unaruka kishungi hiki, unafika kwenye ukoko mtupu, unakosa cha kushika. Ile nafasi iliyokuudhi ilikuwa njia ya kuzuia moto. Laghai ikijaza nafasi, cheche moja inasafiri kilomita. Mwaka 1990 Steven Whisenant alieleza hali ya bonde la mto Snake, yaani hapohapo ulipo: maeneo ambayo zamani yangekaa miaka 60 hadi 110 bila kuungua, yakijaa laghai yanaungua kila baada ya miaka 3 hadi 5. Julai 2007 radi iliwasha mioto kusini mwa Twin Falls, ikaungana kuvuka mpaka wa Idaho na Nevada, ikala zaidi ya hekta 260,000. Wazee wa pale kazini kwako watakuwa wanaikumbuka kwa moshi wake.

Sasa linganisha na moto wa kwetu. Kwenye savana ya Afrika Mashariki ukichoma mwezi wa nane, nyasi zina macho ya kuchipua chini kabisa kwenye shina, na mgunga una uwezo wa kutoa matawi mapya kutoka kisikini. Mvua ya vuli ikija, kila kitu kinarudi. Mimea hiyo imekaa na moto na makundi ya nyumbu na nyati tangu enzi na enzi. Pakanga hii haina macho ya akiba. Ikiungua imekufa, haichipui kisikini. Itarudi kwa mbegu tu, na mbegu zake ni vumbi. Zinaiva Novemba na Desemba, nyingi zinaanguka ndani ya mita 10 kutoka kwa mama, na nyingi hupoteza uhai kabla ya mwaka wa pili. Moto ukila kilomita 20, mbegu ya katikati itatoka wapi? Mahali pakavu pakanga inaweza kuchukua nusu karne au zaidi kurudi, kama itarudi. Laghai huwa na mbegu zilizobaki ardhini na kwenye majivu, na vuli ileile zinaota bila mshindani. Kisha mkeka, kisha radi, kisha mkeka mnene zaidi. Kwenda upande wa zulia la kijani na kiberiti ni kuifanyia laghai kazi yake.

(Nisiseme kana kwamba Ulaya na Asia pekee ndiyo wenye hatia. Nyasi ya Cenchrus ciliaris, ambayo wafugaji wa kaskazini mwa Kenya wanaithamini, ilipelekwa Texas miaka ya 1940 kwa mbegu zenye asili ya Turkana. Leo inafanya uharibifu wa namna hiihii katika jangwa la Sonora, Arizona, ikiwasha moto kwenye madungusi yasiyojua kuungua. Nyasi njema nyumbani, balaa ugenini.)

Nadhani upande wa zulia uliwahi kuungua. Ukitaka kuhakikisha, tembea utafute visiki vyeusi vya pakanga, vifupi kama ngumi, vilivyojificha ndani ya nyasi. Uzio mara nyingi ulikuwa ndio mpaka ambapo wazima moto walisimama, kwa kuwa kando yake kuna njia ya gari.

Ulisema pia kwamba ng'ombe wamehusika, na hapa sitakuficha kwa kuwa sote tunawapenda. Wamehusika sana, ila kwa namna ambayo mchungaji wa kwetu asingeitarajia. Kati ya milima ya Rocky na Cascade, nyati wa Marekani walikuwa wachache, tofauti na kule kwenye nyanda za mashariki walikokuwa mamilioni. Mwaka 1982 Richard Mack na John Thompson waliandika kwamba hiyo ndiyo siri ya nyasi hizi: zilikua katika nchi yenye kwato chache. Nyasi zako za Kivu na za Serengeti nyingi hutambaa, au huficha ncha ya kukua karibu na ardhi, zikiliwa zinapona. Hii ya buluu, mwezi wa Mei, inainua ncha yake ya kukua juu ya shina, mahali ulimi wa ng'ombe unapofika. Ikikatwa wakati huo, na maji yakiwa yanaisha, haina muda wa kuanza upya. Mwaka mmoja inavumilia. Miaka mitatu minne mfululizo, Mei hadi Mei, kishungi kinakonda kutoka katikati, kinakuwa pete, kisha kinakuwa nafasi. Mwishoni mwa karne ya 19 mifugo mingi mno iliachiwa huko bila mipaka, kila mtu akiwahi majani kabla ya mwenzake. Sheria ya kwanza ya kitaifa ya kugawa malisho ya ardhi hiyo ya umma, ile inayoitwa kwa jina la mbunge Taylor, ilikuja mwaka 1934, na kwa sehemu nyingi ukoko ulikuwa umekwisha vunjwa na laghai imeingia.

Ukitaka kuona nchi hiyo ilivyokuwa kabla ya kwato, kuna mahali pamoja si mbali sana nawe. Kaskazini mashariki, kwenye eneo la lava la Craters of the Moon, ambako mara ya mwisho mwamba ulimwagika kama miaka 2,000 iliyopita, vipo visiwa vya udongo wa zamani vilivyozingirwa na lava. Wewe uliyeona lava ya Nyiragongo unajua: ng'ombe hapiti pale, itamkata miguu. Kimoja cha visiwa hivyo, Carey Kipuka, kilielezwa na wanasayansi mwaka 1965 kama mimea isiyoguswa. Ninyi mnaodhani "isiyoguswa" maana yake ni msitu wa majani mngekata tamaa. Ni pakanga, vishungi, nafasi, ukoko, na tena pakanga.

Upande mwingine wa hasara ni jembe. Walowezi walijifunza mapema kwamba pakanga ikiwa ndefu kupita mtu, udongo chini yake ni wa kina. Bwawa la Milner lilipokamilika mwaka 1905 kwenye mto Snake, pakanga ndefu ziling'olewa, viazi na bitiruti nyeupe, zile za kutengenezea sukari, zikapandwa. Huenda zizi unalokamulia limesimama palepale. Nchi yote ya pakanga ya Marekani magharibi ilikuwa zaidi ya hekta milioni 60. Karibu nusu imekwisha potea kwa jembe, moto, laghai na mengineyo.

Je, mtu akitaka kuponya upande wa zulia afanye nini? Kuwaondoa ng'ombe peke yake hakutoshi, laghai haihitaji msaada wao tena. Kinyume chake, ng'ombe wanaweza kusaidia wakichungwa kwa kalenda: walishwe hapo vuli, vishungi vikiwa vimelala, wale yale makavu ya laghai na miche yake mipya, kisha waondolewe kabla ya Mei. Hiyo ni kazi ya mchungaji mwenye macho, na nadhani unaiweza kuliko wengi wenye ofisi. Baada ya moto, serikali hurusha mbegu za pakanga kwa ndege juu ya theluji, hunyunyizia dawa ya kuzuia laghai kuota, hupanda nyasi kwa mashine. Mwaka wenye theluji nzuri inafaulu. Mwaka mkavu fedha zote zinaenda na upepo.

Kosa ambalo hufanyika hata na wataalamu ni kupanda pakanga isiyo ya pale. Kuna jamii ndogo tatu kubwa za Artemisia tridentata: ya mabonde yenye udongo wa kina, ya milimani, na ile ya nyanda kavu, wyomingensis, ambayo ndiyo yako. Kwa macho zinafanana, na mbegu zake hazitofautishiki kirahisi. Ipo njia ya kuzipima ninayoipenda kuwaonyesha watoto: ponda majani machache kwenye glasi ya maji, ingia chumba chenye giza, uyamulike kwa taa ya urujuanimno, ile ya kukagua noti bandia. Ya milimani inang'aa buluu kama mwanga wa simu. Ya nyanda kavu inabaki hafifu. Ukipanda ya milimani huko kwenu, itaota, itakufurahisha misimu miwili, na kiangazi kibaya cha kwanza kitaiondoa.

Kuhusu mke wako, mpe salamu, na jibu ni hapana. Ile pakanga ya majani laini ambayo wengi huko Kongo wanaichemsha kwa malaria ni Artemisia annua, mmea wa asili ya China wenye artemisinini. Hii ya Idaho ni spishi nyingine, kemia yake ni nyingine, na mafuta yale yanayomshinda ng'ombe sioni sababu ya kuyapeleka kwenye ini la mtu. Malaria huko hamna. Akitaka harufu tu, aweke kitawi kwenye gari.

Na ukienda kwenye uzio kuangalia visiki, utarudi na soksi zimejaa mbegu za laghai, ndefu, zenye mkia wa kuchoma. Zitoe kabla hujavuka kwenda upande wa vichaka, moja moja hata kama ni kero. Usizitupe chini. Ziweke mfukoni, ufike nazo nyumbani, uzitie kwenye jiko. Hapo moto naukubali.